Uzi maalumu: Matone ya macho kwa wenye mzio wa chavua, uchague yapi na uanze lini?

Mfamasia wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Masika yakikolea huku Arusha na nyasi zikaanza kuchanua, wateja wa dirishani kwangu wanabadilika. Anakuja mtu macho mekundu, kope zimevimba, anajisugua kwa mgongo wa mkono huku anaongea, na ombi lake ni moja: "Nipe dawa ya macho." Ukimuuliza ipi, anatoa mfukoni kichupa cha zamani kisicho na boksi, au anakuonyesha picha aliyotumiwa na shemeji yake. Mara nyingi mno kichupa hicho ni cha deksamethasoni, yaani steroidi. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa urefu.

Jibu nalitoa mapema, maelezo yafuate. Kama tatizo lako ni chavua, tafuta tone linalofanya kazi mbili kwa pamoja: linazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, na linatuliza seli zinazoimwaga. Ketotifeni na olopatadini ndizo utakazozipata kwa urahisi. Ukiweka hizo mbili mezani, tofauti yake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyoisema. Kinachobadilisha mambo hasa ni kuanza kabla macho hayajawaka, na kutumia kila siku mpaka msimu upite.

Sasa kwa nini. Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umefunikwa na utando mwembamba, na utando huo umejaa seli zinazoitwa seli za masti. Kwa mtu mwenye mzio, seli hizi zimevaa kingamwili aina ya IgE zinazoitambua chavua. Chavua ikitua, ndani ya dakika chache seli zinamwaga histamini. Histamini ikishika vipokezi vya H1 kwenye neva, unawashwa. Ikishika mishipa ya damu, mishipa inatanuka, jicho linakuwa jekundu, maji yanavuja na kope zinavimba. Saa kadhaa baadaye seli nyingine za kinga zinafika na kuendeleza uvimbe, ndiyo maana mtu aliyepita shambani asubuhi anaweza kulalamika mpaka usiku.

Dawa ya kupinga histamini inawahi kukaa kwenye kile kipokezi, kama abiria aliyewahi siti ya daladala; histamini ikija inakuta pamejaa. Ukichelewa, kazi inakuwa kubwa zaidi.

Hata majaribio ya dawa hizi yanafuata mpangilio huo. Watafiti humchukua mtu anayejulikana ana mzio, ambaye kwa wakati huo macho yake ni mazima. Wanamwekea tone la dawa jicho moja, jingine wanaweka tone lisilo na dawa. Wanasubiri, labda dakika 15, labda saa 8, labda saa 16 au 24, kisha ndipo wanamdondoshea chavua yenyewe iliyoyeyushwa. Baada ya dakika 3, 5 na 7 anaulizwa anawashwa kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 4. Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa "saa 16", maana yake kuna watu waliowekewa dawa, wakakaa muda huo, halafu wakachokozwa kwa makusudi. Ni kipimo cha kuzuia, si cha kutibu. Mtu anayeweka tone baada ya kujisugua nusu saa asitegemee matokeo yaleyale.

Tuje kwenye dawa moja moja.

Ketotifeni ya 0.025%. Nje inajulikana kwa majina kama Zaditor na Alaway, ila zipo nyingi za majina mengine. Tone moja kila jicho, mara mbili kwa siku, zipishane saa 8 hadi 12. Ni dawa ya muda mrefu: Marekani iliidhinishwa 1999 kwa cheti cha daktari, na 2006 ikaruhusiwa kununuliwa bila cheti. Inaanza kazi ndani ya dakika. Lawama kubwa ninayoisikia ni kwamba inachoma kidogo ikiingia. Kuchoma huko kunapita haraka, lakini kwa mtoto kunatosha kumfanya akimbie kila akiona kichupa. Inatumika kuanzia miaka 3.

Olopatadini. Hapa soma asilimia, tafadhali, kwa sababu watu wanachanganya. Ya 0.1% (Patanol ilikuwa ya kwanza, 1996) inawekwa mara mbili kwa siku. Ya 0.2% (Pataday, 2004) mara moja. Ya 0.7% (ilitoka 2015 kwa jina la Pazeo) nayo mara moja, na inadumu saa 24. Dawa ni ileile, nguvu ndiyo inatofautiana. Mtu akinunua ya 0.1% akaweka mara moja kwa siku kwa sababu rafiki yake wa Marekani anaweka mara moja, jioni atarudi kuniambia dawa haifai. Haichomi sana, na watu wengi niliowapa baada ya ketotifeni wanaipenda kwa hilo.

Kati ya hizo mbili ipi bora? Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 30 ya matone ya aina hizi. Walichokikuta: yote yanapunguza dalili kuliko tone lisilo na dawa, kwa muda mfupi, na hayakuleta madhara makubwa. Lakini kutangaza mshindi hawakuweza. Majaribio yaliyolinganisha olopatadini na ketotifeni yalitofautiana mno. Mimi nikiulizwa na mtu mzima mwenye bajeti ndogo nampa ketotifeni. Nikiulizwa na mzazi, au na mtu anayesahau dozi, namwelekeza olopatadini, ya 0.2% ikiwepo.

Zipo nyingine mtakazozisoma mtandaoni. Azelastini ya 0.05% na epinastini ya 0.05% zote ni mara mbili kwa siku. Azelastini inaacha ladha chungu mdomoni kwa sababu tone hushuka kooni kupitia mfereji wa machozi. Bepotastini ya 1.5% vilevile, mara mbili na ladha. Alkaftadini ya 0.25% (Lastacaft) ni mara moja kwa siku, inaanza ndani ya dakika 3 na kufika saa 16. Setirizini, hii tunayoijua ya vidonge, nayo ilitolewa kuwa tone la 0.24% mwaka 2017. Ukiwa na ndugu ughaibuni anaweza kukuta hizo. Sioni sababu ya kuagiza ng'ambo wakati kazi hiyohiyo inafanywa na kilichopo mtaani.

Emedastini na levokabastini zinapinga histamini tu bila kutuliza seli, na dozi yake inaweza kufika mara nne kwa siku. Zinatuliza, ila kwa msimu mrefu zinachosha.

Sodiamu kromoglikati ya 2%. Hii naitenga kwa sababu inaeleweka vibaya kuliko zote. Haipingi histamini hata kidogo. Kazi yake ni kuzituliza seli za masti zisiimwage. Ukiiweka leo unawashwa, leo hiyohiyo haitakusaidia. Inahitaji siku kadhaa mpaka wiki mbili, na inawekwa mara nne kwa siku. Mtu anayeianza mapema na kuishika vizuri hupita msimu kwa amani, na bei yake kwa kawaida ni rafiki. Aliyeinunua akiwa tayari macho yanawaka ataiita maji ya bomba.

Sasa zile za kukaa mbali nazo. Matone ya "kuondoa wekundu" yenye nafazolini au tetrahidrozolini yanabana mishipa ya damu tu. Jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, halafu wekundu unarudi, na ukizoea kuyatumia unarudi mkali zaidi. Mzio uko palepale.

Na steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, iwe peke yake au imechanganywa na antibayotiki. Zinatuliza haraka sana, ndiyo maana zinapendwa. Lakini kuna watu ambao zikitumika wiki chache tu presha ya jicho inapanda, na presha hiyo haiumi. Mtu anapoteza uwezo wa kuona pembeni taratibu bila kujua, na kilichopotea hakirudi hata kwa upasuaji. Mtoto wa jicho naye huletwa na steroidi hizohizo. Daktari wa macho akikuandikia, tumia kama alivyosema na urudi akupime. Usinunue mwenyewe, na usirudie kichupa cha jirani.

Kuhusu lini uanze: kwetu hakuna redio inayotangaza kiwango cha chavua asubuhi, kwa hiyo angalia nyasi. Ukoka wa kando ya barabara ukitoa vile vishuke vyake vilivyopanuka mithili ya vidole, mwombe mtu asiye na mzio achume kimoja asubuhi jua likishatoka, akipige kwenye karatasi nyeusi. Unga ukidondoka, msimu umefika. Bustani zenye nyasi za Kikuyu zilizokatwa fupi hutoa nyuzi nyeupe asubuhi mpaka nyasi zinaonekana zimepauka. Hizo nyuzi ndizo zinazobeba chavua. Mahindi yakitoa mbelewele ni habari hiyohiyo kwa wanaopita katikati ya mashamba. Anayejijua kila masika au vuli anaumwa, aanze tone lake mvua zikishika, asingoje kuwashwa.

Karibuni kwa maswali.

---

Mtoto wa Kilimani

Mkuu asante kwa somo. Mimi niko Nairobi, na kwangu ni jakaranda. Zikianza kuchanua tu Septemba mpaka Novemba, macho yangu yanakwisha. Nifanye nini, miti ni ya kaunti siwezi kuikata?

Mfamasia wa Njiro

Ndugu yangu, jakaranda inaonewa. Maua yake yanachavushwa na wadudu. Chavua yake ni nzito, inanata, haiendi mbali na upepo. Maua mengi yanayopendeza macho ndivyo yalivyo. Zinazosumbua ni zile zisizo na ua la kutazamwa: nyasi, misaiprasi, magugu. Jakaranda zinachanua wakati wa vumbi kali na mvua za vuli zikianza, basi lawama zinaiangukia kwa sababu ndiyo inayoonekana. Chunguza ukiwa kwenye nyasi ndefu au siku wanapofyeka. Dawa ni ileile, ila ukijua adui halisi utajua pia siku ya kuvaa miwani na siku ya kufunga madirisha asubuhi.

---

Mkulima wa Kisongo

Umesema magugu. Hapa kwetu kuna hili gugu karoti, limejaa pembeni mwa barabara na sasa limeingia shambani. Vijana wakiling'oa wanawashwa ngozi na macho. Ni chavua au ni nini?

Mfamasia wa Njiro

Yote mawili, mkuu. Gugu karoti linaleta mzio wa ngozi ukiligusa, na chavua yake inaleta mafua ya mzio, pumu na macho kuwasha. Wang'oe wakiwa na glovu, mikono mirefu, kitu cha kufunika pua na miwani ya kufunga pembeni, na wang'oe kabla halijatoa maua meupe. Likishachanua unasambaza chavua na mbegu kwa mpigo. Wakitoka shambani wanawe mikono na uso kwa maji mengi kabla ya kugusa macho. Anayejijua ana mzio aweke tone lake asubuhi kabla ya kazi, angalau dakika 15, asiende nalo mfukoni kuliweka kwa vidole vyenye utomvu wa gugu. Kama yumo mwenye pumu, huyo asipewe kazi hii kabisa.

---

Dada wa Muscat

Salaam alaykum. Sisi huku Oman kuna mti ule ambao Kenya mnauita mathenge, umeenea mabondeni. Daktari aliniambia ndio unaonichokoza. Nimepewa olopatadini, lakini naiweka nahisi yote inatoka nje inatiririka shavuni. Naweka matone matatu ili angalau moja libaki. Nakosea?

Mfamasia wa Njiro

Waalaykum salaam dada. Daktari wako yuko sahihi. Mathenge ni miongoni mwa miti inayojulikana kwa mzio huko Ghuba. Kuhusu matone, moja linatosha. Jicho halina nafasi ya kubeba hata tone moja zima, kwa hiyo la pili na la tatu linaliosha lile la kwanza.

Fanya hivi. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini kwa kidole upate kijimfuko, dondosha moja humo bila ncha ya kichupa kugusa kope wala kope kugusa ncha. Funga jicho taratibu, usilikaze wala kupepesa haraka. Kisha bonyeza kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo ulipo mfereji wa kushukia kooni. Ukiuziba, dawa inabaki jichoni, na kwa wale wa azelastini ladha chungu inapungua. Kama una tone jingine la kuweka, subiri dakika 5.

Hesabu pia: kichupa cha mililita 5 kina takriban matone 100. Macho mawili mara mbili kwa siku ni matone 4, kwa hiyo kinakaribia mwezi. Na vichupa vingi vinatakiwa vitupwe baada ya wiki 4 tangu kufunguliwa. Ukiona chako kinaisha baada ya siku kumi, unamwaga nje.

---

Mwalimu wa Reading

Niko Uingereza mwaka wa sita. Nyumbani Tanga sikuwahi kuumwa macho. Huku kila Juni ni kilio. Famasi wananiuzia kromoglikati bila cheti. Naacha?

Mfamasia wa Njiro

Usiache mwalimu, badilisha tarehe. Chavua ya nyasi huko inatawala kuanzia katikati ya Mei mpaka Julai. Anza kromoglikati mwanzoni mwa Mei, mara nne kwa siku, hata kama macho ni mazima. Mna bahati nyie, Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya huko, inatoa utabiri wa chavua, ufuatilie. Ikikushinda, mwone daktari akuandikie olopatadini. Na usishangae kwamba nyumbani hukuumwa. Mwili unahitaji misimu kadhaa ya kukutana na chavua mpya ndipo uanze kuikataa, ndiyo maana wengi wanaohamia huko wanaona mzio baada ya miaka michache.

---

Kijana wa Lenzi

Navaa lenzi laini za macho. Naweza kudondosha juu yake?

Mfamasia wa Njiro

Hapana kaka. Matone mengi yana kihifadhi kinachoitwa benzalkoniamu kloridi, na lenzi laini inakinyonya. Toa lenzi, weka tone, subiri dakika 10 hadi 15, kisha vaa. Jicho likiwa jekundu usivae kabisa. Wakati wa msimu, lenzi za kutupa kila siku ni afadhali, kwa sababu za mwezi zinakusanya chavua. Na mkiwa na maumivu ya kweli, mwanga unaumiza, au uono umefifia, huo si mzio wa kawaida. Hospitali siku hiyohiyo.

---

Mama Junior

Kaka nimesoma mpaka mwisho na moyo unanienda mbio. Mwanangu wa kiume ana miaka 7. Macho yanamwasha karibu mwaka mzima, weupe umekuwa kahawia, asubuhi anaamka na tongotongo la kunata linavutika kama uzi, juani hafungui macho. Duka la dawa la mtaani wananipa tone, anapona siku mbili tatu, inarudi. Nimeangalia boksi sasa hivi, limeandikwa deksamethasoni. Tunalitumia zaidi ya mwaka. Nimuanzishie ketotifeni?

Mfamasia wa Njiro

Mama Junior, asante kwa kuuliza, na hujachelewa kuchukua hatua. Unayoyaeleza yanafanana na mzio mwingine, ule wa watoto ambao madaktari wanauita venali. Unawapata zaidi wavulana, kwenye maeneo ya joto na ukavu, na kwetu Afrika ni wa kawaida. Huo ni mzito kuliko mzio wa msimu ninaouzungumzia uzi mzima. Unaweza kuchubua kioo cha jicho. Ketotifeni au olopatadini inaweza kuwa sehemu ya matibabu, lakini isiwe mbadala wa kuonwa na daktari wa macho.

Mpeleke wiki hii. Ukiwa kaskazini KCMC wana idara ya macho, Dar kuna CCBRT na Muhimbili, na hospitali nyingi za mikoa zina kliniki ya macho. Omba mambo mawili kwa kuyataja: wapime presha ya macho na waangalie mshipa wa neva wa nyuma ya jicho. Waambie wazi ametumia deksamethasoni zaidi ya mwaka, na uende na kichupa na boksi lake. Mpaka umfikie daktari, usinunue kingine kipya. Kama ataweza kukuona kesho au keshokutwa, yeye ndiye aamue lile tone liachwe vipi.

Leo usiku anapowashwa, loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi, kikamue, mwekee juu ya macho yaliyofungwa dakika kumi. Mzuie kusugua kwa kila namna, maana kusugua kwenyewe kunazipasua zile seli na kumwaga histamini zaidi, na kwa miaka kunaweza kuharibu umbo la kioo cha jicho. Mvalishe kofia yenye ukingo mpana akienda shule.

Mama Junior

Tupo Moshi. Kesho alfajiri tunakwenda. Boksi nimeshaliweka kwenye mkoba.

Dada wa Muscat

Mama Junior, Mungu amponye. Kaka, swali la mwisho: nimekuwa nikiacha kichupa ndani ya gari. Kinaharibika?

Mfamasia wa Njiro

Dada, kwenye gari la Muscat mchana kinaharibika, kitupe ufungue kipya. Vingi vinatakiwa visizidi nyuzi joto 25 au 30, angalia boksi la chako. Kiweke ndani ya nyumba, na ukipenda mlango wa friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Tone la baridi linatuliza mwasho zaidi likiingia. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye kichupa chenyewe, maana boksi hupotea.